Stendi ya nyuma kwa kazi za nyumbani: ya ndoano au ya viganja vya mpira?

Gia_ya_Tatu

Wakuu habari zenu. Nina pikipiki ya barabarani ya cc 400, uzito wake ikiwa na mafuta ni kama kilo 170. Haina stendi kubwa, ina ile ndogo ya pembeni tu. Kazi ninazotaka kujifanyia ni za kawaida: kuosha cheni na kuipaka oili, kupima ulegevu wake, kukagua pedi za breki ya nyuma, na baadaye kutoa gurudumu la nyuma nikabadilishe tairi.

Kwa sasa cheni naipaka kwa kuisukuma pikipiki. Napaka kipande kinachoonekana, nasogeza mbele kidogo, nainama tena. Mgongo unaisha, na sijui kama nimeizunguka yote au nimerudia palepale.

Nimeona stendi za nyuma za aina mbili. Moja ina ndoano zenye umbo la V, nyingine ina viganja vya mpira vinavyokaa chini ya swingamu, yaani ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Mafundi wawili niliowauliza wamenipa majibu yanayopingana. Ya kuzingatia ni kwamba nafanya kazi peke yangu, na sakafu yangu ni zege lakini ina mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Ipi itanifaa? Na je, jeki ya gari haiwezi kutosha kwa kazi hizi?

---

Pancha_Kavu

Mkuu, mimi natumia jeki ya mkasi ya gari. Stendi ndogo iko chini, jeki naiweka upande wa kulia chini ya swingamu na kipande cha ubao juu yake, nanyanyua hadi tairi iachie sakafu kidogo tu. Cheni inazunguka, napaka, nashusha. Haichukui nafasi stoo. Kwa kuoshea cheni tu usijitese na kununua stendi.

---

Mama_Sproketi

Gia ya Tatu, karibu. Kabla hujaangalia stendi yoyote, chuchumaa nyuma ya pikipiki yako na tochi. Jibu la swali lako liko kwenye swingamu. Kuna pikipiki zenye tundu la thredi kila upande wa swingamu, karibu na ekseli, na kuna zisizo nalo. Tundu mara nyingi linajificha chini ya tope na oili ya cheni, au limezibwa na kiplastiki kidogo cheusi. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uangalie pande zote mbili.

Kama matundu yapo, nunua stendi ya ndoano na usirudi nyuma. Kwenye matundu hayo unafunga spuli, vile vipande vya mviringo vyenye kiuno chembamba katikati, kimoja kila upande. Ndoano za stendi zinakaa kwenye kile kiuno. Zikishakaa, pikipiki haiwezi kuteleza kushoto wala kulia, wala mbele wala nyuma juu ya stendi, kwa sababu chuma kimeshika kwenye mfereji wake. Viganja vya mpira vinashika kwa msuguano peke yake, na swingamu ya nyuma ni sehemu inayorushiwa sana oili ya cheni. Wewe unayefanya kazi bila mtu wa kukushikia, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Faida ya pili utaiona siku ya kutoa gurudumu. Viganja hukaa chini ya swingamu pale pale mwishoni, ambako kuna bolti za kurekebishia cheni na nati ya ekseli. Kwenye pikipiki nyingi vinazuia spana, na wakati mwingine vinabana mpira wa breki au waya wa sensa ya ABS unaopita chini. Spuli ziko mbele ya ekseli kidogo au chini yake, ekseli yenyewe inabaki wazi. Unaichomoa, unashusha gurudumu, pikipiki imetulia.

Sasa ukubwa wa bolti za spuli. Kuna M6, M8 na M10, namba ikiwa ni kipenyo cha bolti kwa milimita. Yamaha nyingi hutumia M6, Honda na Suzuki nyingi M8, KTM nyingi M10, Kawasaki inategemea modeli. Hilo ni la kukuelekeza tu, usinunue kwa kulitegemea. Chukua bolti unayojua ukubwa wake, ijaribu kwa vidole vyako, bila spana. Ikiingia laini mizunguko mitano au sita, ndiyo hiyo. Ikiingia mzunguko mmoja na nusu kisha ikakwama, itoe. Bolti za M10 zipo zenye hatua (umbali kati ya thredi moja na inayofuata) ya milimita 1.25 na zenye 1.5, kwa macho zinafanana, na ukilazimisha isiyo yake ndani ya swingamu ya alumini utakuwa umeharibu thredi ya kipande ghali mno.

Kuhusu jeki ya Pancha Kavu, kwa kupaka oili inafanya kazi na nimeona wengi wanafanya hivyo. Lakini pikipiki hapo imesimama juu ya vitu vitatu: tairi ya mbele, stendi ndogo na jeki nyembamba. Usiiguse kwa nguvu ikiwa hivyo. Kulegeza nati ya ekseli, kuvuta gurudumu, kugonga ekseli itoke, hizo si kazi za jeki ya mkasi. Na usiweke jeki chini ya injini bila kujua nini kiko pale, maana pikipiki nyingi zina ekzosi, sampu nyembamba (bakuli la oili la chini ya injini) au filta ya oili palepale.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi. Stendi ya nyuma hushika swingamu mwishoni, karibu na mahali ambapo gurudumu lenyewe lingeshika. Kwa hiyo uzito wa pikipiki bado unapita kwenye shokapu, na shokapu inabaki imebonyea karibu sawa na ikiwa imesimama wima kwa matairi yake. Ukinyanyua kwa jeki chini ya fremu, au kwa stendi kubwa, gurudumu linaning'inia, shokapu inanyooka, swingamu inashuka, na ulegevu wa cheni unabadilika. Ndiyo maana mtu anapima cheni juu ya jeki anapata namba moja, akishusha pikipiki anakuta nyingine. Soma kitabu cha pikipiki yako kinasema upime katika hali gani. Vingi husema ikiwa kwenye stendi ndogo, bila mtu juu. Wewe tumia stendi ya nyuma kutafuta sehemu ya cheni iliyokaza zaidi kwa kuzungusha gurudumu polepole, iwekee alama ya chaki, kisha pima katika hali ambayo kitabu kimetaja.

Kwa sababu hiyo hiyo, stendi hii haikusaidii siku ya kutoa shokapu. Ukifungua bolti ya shokapu, pikipiki itakaa chini. Kazi hiyo inataka kunyanyua kwa fremu.

---

Ekzosi_Chini

Nakubaliana na Mama Sproketi kwenye spuli, lakini viganja visitupwe kabisa. Pikipiki yangu ni ya zamani, shokapu mbili, swingamu ya bomba la chuma la mraba, haina tundu hata moja. Natumia viganja na havijawahi kuniangusha. Siri ni tatu: swingamu ipanguswe iwe kavu kabla ya kunyanyua, viganja viwekwe mbali na bolti za kurekebishia cheni, na mpira wake uwe mzima. Mpira ukichanika chuma kinakula rangi, halafu kutu.

Na mtu yeyote asikushauri kutoboa swingamu ili ufunge spuli. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Angalia pia ekzosi. Kama imeshuka chini na kurudi nyuma kama yangu, baadhi ya stendi huigonga mkono wake unaposhuka. Pima kwanza nafasi kati ya ekzosi na tairi, kisha pima stendi.

---

Gia_ya_Tatu

Asanteni sana. Nimefanya kama Mama Sproketi alivyosema. Matundu yapo, pande zote mbili, la kushoto lilikuwa limejaa oili iliyoganda na mchanga. Bolti ya M8 imeingia kwa vidole vizuri kabisa. Kwa hiyo ni spuli.

Tatizo ni upande wa kulia: kishikio kidogo cha mpira wa breki kipo karibu sana na tundu. Spuli ikikaa pale itakigusa. Nifanyeje?

La pili, stendi nilizoziona zote zinaonekana sawa kwa macho. Nikienda kuichagua niangalie nini? Na mtu mmoja ananyanyuaje bila kuiangusha upande wa kulia? Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

---

Mama_Sproketi

Kishikio cha mpira wa breki: tumia bushi, yaani kipande cha bomba dogo la alumini au chuma kinachokaa kati ya swingamu na spuli, kisogeze spuli nje kidogo. Bolti lazima irefuke kwa kiasi hicho hicho, ili thredi zinazoshika ndani ya swingamu zisipungue. Na weka bushi ya unene uleule upande wa kushoto. Watu wengi huweka upande mmoja tu, kisha wanashangaa pikipiki inakaa nje ya katikati ya stendi. Bolti iwe ya chuma imara. Spuli yenyewe ikiwa ya alumini au nailoni ngumu si tatizo, anayebeba mzigo ni bolti. Paka grisi kidogo kwenye thredi, kaza kwa kiasi, siyo kwa kuning'inia kwenye spana. M8 kwenye alumini haitaki ubabe.

Ukienda kuchagua stendi, pindua chini juu uangalie uchomeleaji. Mstari wa welding uzunguke bomba lote, hasa pale mikono inapokutana na bomba la nyuma. Welding ya madoa madoa iache hapohapo. Kisha angalia zile nguzo mbili zinazobeba ndoano: zinatakiwa kurekebishika kwa upana, na bolti ya kukazia iwe ya kushika kwa spana. Parafujo ya kuzungusha kwa mkono hulegea, na ikilegea ndoano inageuka wakati pikipiki iko nusu ya njia. Ziweke upana sawa kulia na kushoto, kila ndoano ikae kwenye kiuno cha spuli bila kulazimishwa, ikiwa na nafasi ya milimita chache tu.

Upana wa kitako ni muhimu kuliko unene wa bomba. Simama nyuma ya stendi utazame umbali kati ya magurudumu yake mawili. Yaliyo mbali zaidi ndiyo yanayozuia pikipiki isilale ubavu. Magurudumu yenyewe yawe ya nailoni ngumu au mpira mgumu. Yale ya plastiki nyembamba hupasuka kwenye zege lenye vichangarawe.

Mkono wa stendi uwe mrefu. Pikipiki ya kilo 170 ina karibu nusu ya uzito huo nyuma, tuseme kilo 85. Kama mkono ni mrefu mara nne kuliko umbali wa kutoka gurudumu la stendi hadi ndoano, unahitaji kubonyeza kwa kama kilo 20 na ushee. Mimi si mtu mkubwa wa mwili na pikipiki yangu ina uzito kuliko yako, nanyanyua bila kukunja uso. Stendi fupi za kukunjwa zinapendeza stoo, lakini zinakulazimisha uruke juu yake, na mtu anayeruka hawezi kushika pikipiki wima.

Sasa kunyanyua peke yako. Nakuandikia ninavyofanya mimi.

Naegesha pikipiki ubavu wake wa kulia ukielekea ukuta, umbali wa kama urefu wa mkono. Ikitokea imepita wima, inaegemea ukuta, hailali sakafuni. Stendi ndogo iko chini, na chini yake naweka kipande cha ubao wa unene wa sentimita mbili hivi. Ubao huo unaifanya pikipiki isimame karibu na wima, kwa hiyo safari ya kuiinua ni fupi. Gia iko nyutro.

Nasimama nyuma upande wa kushoto. Mkono wa kushoto unashika kishikio cha abiria, wa kulia unashika stendi. Ndoano ya kushoto naigusisha kwenye spuli yake kwanza. Kisha nainua pikipiki iwe wima taratibu, na wakati huohuo nasukuma stendi mbele hadi ndoano ya kulia nayo iingie. Hapo nasimama kidogo na kuangalia zote mbili kwa macho. Usibonyeze kwa kukisia. Zikiwa zimekaa, nabonyeza mkono wa stendi chini kwa kuinamisha mwili, mwendo mmoja usiokatika.

Katikati utahisi uzito unapanda, halafu ghafla unalegea na mkono unataka kushuka wenyewe. Hapo ndoano zimepita juu ya magurudumu ya stendi na kwenda nyuma yake kidogo. Kuanzia hapo uzito wa pikipiki ndio unaoilaza stendi sakafuni. Kazi yote ya stendi iko kwenye huo mvuko mdogo, na ndiyo sababu pikipiki iliyo juu ya stendi ya nyuma haitakiwi kusukumwa mbele hata kidogo. Ikisogea mbele inaweza kurudi kuvuka kilele na kudondoka.

Ndiyo maana mteremko wa sakafu yako si jambo dogo. Geuza pikipiki ikae kukatiza mteremko? Hapana, hapo itaelemea ubavu mmoja. Afadhali uso wake uelekee kwenye mwinuko, mkia kuelekea mlangoni, ili sakafu ikiivuta iivute nyuma, siyo mbele. Mteremko ukiwa unauona kwa macho bila kupima, tafuta sehemu nyingine. Ikishapanda tu, funga mkono wa breki ya mbele kwa mpira au mkanda, uvute kabisa. Kuweka gia hakusaidii, gurudumu la nyuma liko hewani. Stendi ndogo iache chini muda wote, hasa wakati wa kushusha.

---

Pancha_Kavu

Hili la breki ya mbele kufungwa nimelipenda. Na mimi nilikuwa sijui kwamba cheni inapimika tofauti juu ya jeki ya fremu. Swali: nati ya ekseli mnailegeza ikiwa juu au chini?

---

Mama_Sproketi

Chini, Pancha Kavu. Nati ya ekseli ya nyuma kwenye pikipiki nyingi za ukubwa huu inakazwa karibu na Nm 100 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Kuifungua kunataka spana ndefu na nguvu ya mwili mzima. Ilegeze robo mzunguko tairi ikiwa sakafuni na pikipiki iko kwenye stendi ndogo, kisha nyanyua uendelee na vidole. Kukaza kwa mwisho kwa spana ya kupimia nguvu ya kukazia pia shusha kwanza. Ila kabla ya kushusha, kama umerekebisha cheni, kunja kitambaa ukiweke kati ya cheni na sproketi ya nyuma, zungusha gurudumu kinyumenyume hadi kibane. Hiyo inavuta ekseli mbele ikae imara kwenye bolti za kurekebishia, uikaze nati kiasi isihame, kisha toa kitambaa.

Kuna jambo moja naliomba kwa kila mtu anayepita hapa. Gurudumu likiwa hewani, lizungushe kwa mkono. Usiwashe injini na kuweka gia ili cheni ijizungushe huku umeshika brashi au kitambaa. Cheni inakishika kitambaa, kitambaa kinakivuta kidole, sproketi inakikata. Inatokea haraka kuliko mkono unavyoweza kurudi. Sina subira na mtu anayesema yeye huwa makini. Zima injini, toa ufunguo, uweke mfukoni.

---

Ekzosi_Chini

Nakazia hilo la ufunguo.

Gia ya Tatu, ukishanyanyua usiishie kwenye cheni. Shika tairi juu na chini uitikise, kisha mbele na nyuma. Ikicheza kwa kugonga, beringi za gurudumu au za swingamu zimeanza kuchoka. Zungusha usikilize kama breki inasugua mahali pamoja au pote. Mambo haya huwezi kuyajua pikipiki ikiwa chini.

---

Gia_ya_Tatu

Nimewaelewa. Nachukua stendi ya ndoano yenye mkono mrefu, spuli za M8 na bushi pande zote mbili. Sakafu nimeipima kwa levo ya kujengea: sehemu ya ndani karibu na ukuta wa nyuma iko sawa, mteremko unaanzia katikati. Nitafanyia kazi kule ndani.

Moja la mwisho kwa Mama Sproketi: mbele nayo ninaweza kununua stendi wakati mmoja?

---

Mama_Sproketi

Ukitaka, lakini siku zote ya nyuma inapanda kwanza na inashuka mwisho. Ya mbele haina uwezo wa kuishika pikipiki isilale ubavu kama nyuma haijafungwa.

Za mbele nazo zina aina mbili. Ile inayoshika chini ya foki, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, inatosha kutoa gurudumu la mbele, lakini huwezi kutoa foki ukiwa nayo. Ile inayoingia kwa pini chini ya shingo ya usukani inaacha foki zikining'inia huru, na pini lazima ilingane na tundu la modeli yako. Kwa kazi ulizoorodhesha huihitaji sasa. Anza na ya nyuma, na bolti za spuli zikague kila unaponyanyua, kwa sababu mtikisiko wa barabara huzilegeza polepole.

Na wengine mnaosoma, kama swingamu yenu ni ya upande mmoja, kama ilivyokuwa Honda VFR750F ya 1990 au Ducati 916 ya 1994, haya ya spuli hayawahusu. Ninyi mnahitaji stendi ya pini inayoingia kwenye tundu la ekseli, na kipenyo cha pini pamoja na upande inakoingilia hutofautiana kwa modeli. Fungueni mada yake, nitakuja.